Tuta la Mzee Zahoro

Njia iliyomfikisha Kondo Mshangama katika nchi ya Barawe haitusaidii kitu. Alifika. Alikuwa na mashine yake ya kunoa visu, mkoba wa nguo, na mdomo uliokwisha kumponza katika nchi nyingine kadhaa, kwa sababu Kondo ni mtu wa kusema anachokiona, na watu wengi hupenda kusemewa wanachokitaka.

Kitu cha kwanza alichokiona Barawe ni barabara ya mjini, panapokaa wakubwa. Ilikuwa na matuta yaliyobanana kama magamba ya mgongo wa mamba. Gari likishuka tuta moja, magurudumu ya mbele yalikuwa yamekwisha kupanda jingine. Kando ya kila tuta palikuwa na kibao chenye jina la mtu. Gari lilipopanda, abiria walivua kofia na kusema kwa pamoja, "Pole, Bwana Fulani." Likashuka, wakavaa kofia. Likapanda jingine, wakavua tena. Kondo hakumwona hata mtu mmoja akitembea kwa miguu kwenye barabara hiyo, wala akiivuka.

"Hawa wote waligongwa hapa?" akamuuliza dereva.

"Nani kakwambia? Huyu wa hapa kisukari. Yule alianguka bafuni. Na yule mwenye tuta la marumaru alifia ng'ambo, kwenye matibabu."

"Sasa matuta ya nini?"

Dereva akamtazama kama mtu aliyeuliza maiti huzikwa kwa nini. "Hao walikuwa watu wazito, bwana."

Baadaye Kondo alielewa. Zamani, malori yalipoanza kuingia Barawe na kuua watu, wenyeji walitunga sheria kwamba tuta litawekwa barabarani kwa ajili ya kila mtu aliyewekewa matanga. Waliotunga walikuwa na majonzi, na mwenye majonzi hapimi maneno. Hawakusema matanga ya kifo gani. Basi koo kubwa zikaanza kudai matuta ya wazee wao waliokufa vitandani, na ofisi ikatoa, kwa sababu sheria haikukataza. Ikawa ukoo usio na tuta ni ukoo wa hivi hivi. Upande wa pili wa sheria hiyo haukumshughulisha mtu. Mahali ambapo hapajatokea msiba hapakustahili tuta. Palistahili pongezi. Kila mwaka Ofisi ya Matuta ilipeleka bendera nyeupe kwa mtaa ambao barabara yake haijaua mtu.

Mtaa wa Ng'ambo Mbili ulikuwa na bendera hiyo, ikipepea kwenye mti mrefu kando ya lami iliyonyooka kama mkeka uliokung'utwa. Nyumba nyingi zilikuwa upande huu, kisima na shule upande ule, na katikati malori ya mchanga ya Bwana Kilongola yalipita kama yanafukuzwa. Anayetaka kuvuka alisimama ukingoni, akasikiliza, akakunja nguo, akakimbia. Akina mama walikuwa na namna yao ya kukimbia na ndoo bila kumwaga. Wageni waliisifia sana namna hiyo.

Kondo alipanga chumba kwa Sikudhani, mshona nguo, aliyemwita kumnolea mikasi. Sikudhani aliishi na baba yake, Mzee Zahoro, mtu mrefu, mkavu, aliyebakiwa na kuona kidogo sana, hasa vivuli na mwanga. Kila asubuhi Mzee Zahoro alichukua fimbo na kikopo cha uji akavuka barabara kwenda kwa dada yake, Bi. Mwatima, ambaye miguu ilikuwa imemwisha nguvu na alilala kitandani dirishani, upande wa pili. Alikwenda kumpa uji na kugombana naye. Waligombania mambo ya utotoni, nani alivunja mtungi, nani alipendwa zaidi na mama. Majirani walisema ugomvi ule ndio uliokuwa ukiwaweka hai wote wawili.

Siku ya kwanza Kondo aliuona uvukaji wenyewe. Mzee alifika katikati ya lami, lori likatokea kwenye kona, honi ikalia. Mzee akasimama pale pale, wima, fimbo juu. Lori lilimpita karibu hata shati likapepea.

Sikudhani alikuwa amekaa chini kibarazani, mikono kichwani. "Kila siku hivi," akasema. "Kila siku namzika, na kila siku anarudi kudai chai."

"Mfungie ndani," akasema Kondo.

"Wewe umemwona? Huyo hafungiki. Na nikimfungia, shangazi atakufa kwa ukimya."

"Basi wekeni tuta."

Sikudhani akacheka kicheko kisicho na furaha, akamweleza sheria. Kesho yake alikuwa anapeleka ombi lake Ofisini kwa mara nyingine, na akamwomba Kondo aende naye. Wageni walihitajiwa sana Barawe. Katika mabishano ya barabara ushahidi wa mwenyeji haukupokelewa, kwa kuwa kila mwenyeji ana upande. Aliyepokelewa ni mgeni aliyekuwapo mtaani. Jambo hili Kondo aliliona la akili, la kwanza tangu afike.

Mkuu wa Matuta aliitwa Bwana Kirumbuyo. Alikuwa mtu mpole, wa sauti ya chini, na kwa kazi yake alikuwa amezoea kupokea wafiwa tu. Mlango ulipofunguka alisimama, akaweka mkono kifuani.

"Poleni na msiba."

"Hatuna msiba, Mheshimiwa," akasema Sikudhani.

"Marehemu ni nani?"

"Hakuna marehemu. Nimekuja kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla baba yangu hajagongwa."

Bwana Kirumbuyo akakaa. Alionekana kuhuzunika kweli. "Mama, hapo ndipo unapokosea. Umekuja mapema. Tuta bila marehemu litaitwaje? Abiria watampa nani pole?"

"Wasimpe mtu. Wapunguze mwendo tu."

"Wapunguze mwendo kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya baba yangu!"

"Ambaye yuko hai."

"Ndiyo."

"Basi Mungu amzidishie," akasema Bwana Kirumbuyo kwa moyo mweupe. "Na bendera mnayo."

Kondo hakuweza kunyamaza. "Mzee, mnangoja damu ndiyo mmwage zege?"

Makarani wakaacha kazi. Bwana Kirumbuyo hakukasirika. Alisema mgeni ameuliza vizuri, na swali zuri halijibiwi na mtu mmoja, bali na Baraza. Baraza likaitishwa pale pale Ng'ambo Mbili, chini ya bendera.

Walikuja wengi, wakasema mengi. Mzungumzaji alipanda juu ya kijituta cha mbao, na aliyeshuka hakuruhusiwa kurudi. Bwana mmoja mwenye miwani alisema tatizo si malori, tatizo ni elimu. Watu wafundishwe kukimbia tangu utotoni. Mama mmoja alisema tuta likiwekwa mbele ya nyumba yake, kila lori litakalokanyaga breki litamwamshia mjukuu, basi liwekwe mbele ya nyumba nyingine. Mwenye nyumba nyingine akajibu kwamba mjukuu huyo hajawahi kulala, mtaa mzima unajua. Mwingine akataka kujua, wagonjwa wanaopelekwa hospitali itakuwaje, si watacheleweshwa na tuta? Kondo akauliza ni gari gani linalopeleka wagonjwa. Akaambiwa hakuna, lakini likipatikana.

Bwana Kilongola alipanda akiwa na kipande cha springi iliyokatika mkononi. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na watu walimpenda kwa sababu alitoa mchanga wa bure kwenye misiba.

"Ndugu zangu," akasema, "hii imekatika mjini, kwenye matuta ya wakubwa. Sikulalamika. Nimewaheshimu wafu. Lakini hapa nani kafa? Mnataka niwavulie kofia walio hai? Nianze na nani? Nianze na Fundi Chere anayelewa tangu asubuhi?"

Watu wakacheka sana, Fundi Chere zaidi ya wote.

"Miaka yote hii malori yangu yamemgonga nani? Semeni jina."

Hakuna aliyesema jina, kwa kuwa halikuwapo. Sikudhani alipanda akajaribu kueleza kwamba kukosekana kwa jina si kazi ya malori, ni kazi ya miguu ya watu. Hakueleweka. Bendera ilikuwa ikipepea juu ya kichwa chake, na kila alichosema kilionekana kama anaisuta.

Ndipo Mzee Zahoro alipopapasa na fimbo mpaka kwenye kijituta, akapanda.

"Mnataka marehemu?"

Macho yakamgeukia Bwana Kirumbuyo.

"Nawauliza nyie wenye masikio mazima. Mnataka marehemu?"

"Sheria ndiyo inayotaka, mzee wetu," akasema Bwana Kirumbuyo.

"Basi niandikeni mimi. Niwekeeni matanga nikiwa hapa hapa. Mchele uko, nyumba iko, wa kulia hamkosi. Si mnasema aliyewekewa matanga? Imesema lazima awe amekufa?"

Sheria ikasomwa. Haikusema. Bwana mwenye miwani akaisoma tena kwa sauti, na baada ya hapo watu wakaanza kuchangamka, maana kila mmoja aliona faida yake. Mtaa ungepata tuta. Bendera isingeshushwa, kwa kuwa damu haikumwagika. Ofisi ingekuwa imetenda haki bila kuvunja sheria, jambo ambalo Bwana Kirumbuyo alisema hakulitegemea kuliona kabla ya kustaafu. Sikudhani peke yake ndiye aliyekuwa analia.

Bwana Kilongola akainua mkono. "Someni mpaka mwisho."

Mwisho ilisema: Tuta ambalo mwenyewe ataonekana barabarani litang'olewa siku hiyo hiyo.

"Ilikuwa kwa ajili ya mizimu," akaeleza Bwana Kirumbuyo.

Bwana Kilongola akamtazama Mzee Zahoro, akatabasamu, akakaa. "Wekeni," akasema. "Namjua huyu mzee. Hata mumfunge kamba hakai ndani."

Matanga yakafanyika. Turubai likafungwa, mikeka ikatandikwa, watu wakaja wakalia kwa bidii. Bwana Kilongola alileta mchanga wa bure. Mzee Zahoro alikaa chumbani, akasikiliza wasifu wake, akamwita Sikudhani mara kwa mara kurekebisha makosa. Alipopelekewa pilau akasema halina chumvi. Mpishi aliambiwa, akajibu kwamba hajawahi kusikia marehemu akilalamikia chakula, na kwamba hata alipokuwa hai mzee huyo alikuwa hivyo hivyo.

Kisha vibarua wakaja na zege. Tuta likawekwa kati ya nyumba na kisima, kibao kikasimikwa: ZAHORO. Lori la kwanza lilifika kwenye kona kwa kasi yake ya zamani, dereva akaona kibao, akakanyaga breki mpaka vumbi likamtangulia. Akapanda polepole. Akavua kofia. "Pole, Mzee Zahoro."

Nyuma ya pazia, Mzee Zahoro akasikia jina lake.

Ng'ambo Mbili wakaanza kuvuka kwa miguu ya kawaida. Akina mama walivuka na ndoo wakizungumza, na kwa kuwa hawakuhitaji tena kukimbia, walianza kumwaga maji. Watoto wa shule walikaa juu ya tuta kufunga kamba za viatu. Mtu mmoja tu hakuvuka.

Uji ukawa unapelekwa na Kondo. Bi. Mwatima alikuwa mwanamke mdogo kama ndege, mwenye macho makali.

"Na wewe nani?"

"Mgeni, bibi. Kondo."

"Kaka yangu yuko wapi?"

Kondo alijua jibu la kisheria, akamsogezea kikopo. Bi. Mwatima akaonja uji.

"Mwambie kafa vibaya. Uji hauna sukari."

Kondo akapeleka ujumbe. Mzee akarudisha matusi. Kondo akavuka na matusi hayo, akavuka na majibu, mpaka siku moja, malori yakiwa yamepunguza mwendo na barabara iko kimya, Bi. Mwatima akachoka kungoja, akapaza sauti yake nyembamba dirishani.

"Zahoro! Mtungi ulivunja wewe!"

"Muongo mkubwa!" likajibu pazia.

Watu waliokuwa wakivuka walisimama, halafu wakaendelea. Zamani, kwa kelele za malori, sauti isingefika hata katikati ya lami. Sasa ilifika, na kila asubuhi mtaa uliamka kwa ugomvi wa mtu hai na marehemu. Bwana Kilongola akashtaki. Bwana Kirumbuyo akaja, akasimama juu ya tuta, akausikiliza ugomvi wote kuanzia mtungi mpaka mahari ya mama yao.

"Sheria inataka aonekane," akasema mwishowe. "Haikusema kusikika." Akarudi ofisini kwake.

Kondo alimwambia Sikudhani kwamba hajaona nchi ya wapumbavu kama hii.

"Wewe kwenu mnawekaje matuta?" akauliza Sikudhani, akiwa anatia uzi sindanoni.

Kondo akafikiri, akashika mashine yake, akaendelea kunoa.

Ilikuwa asubuhi ya mawingu. Mzee Zahoro aliita dirishani kama kawaida, "Mwatima! Umeamka, mwizi wa mapenzi ya mama?" Hakujibiwa. Akaita tena. Akaita kwa jina la utotoni, ambalo mtaa haukuwa umelisikia. Kondo, aliyekuwa kibarazani na kisu cha jirani mkononi, aliona pazia likisogezwa, kisha mlango ukafunguka.

Mzee alikuwa na fimbo bila kikopo. Sikudhani alitoka mbio nyuma yake, akamshika mkono. "Baba, watakuona! Watang'oa!"

"Niache, mwanangu. Dada yangu hajajibu."

Akamwachia. Mzee akashuka kwenye lami. Lori la Bwana Kilongola lilikuwa limefika, likasimama kabisa. Fimbo ikagonga tuta, mzee akalipanda, akasimama juu yake akalipapasa kwa unyayo, huku na huku.

"Kumbe lenyewe dogo hivi," akasema, akashuka upande wa pili.

Bi. Mwatima alikuwa amekufa usingizini. Kabla jua halijatoboa mawingu mikeka ilikuwa imetandikwa kwake, na Mzee Zahoro alikaa katikati ya wafiwa, kichwa chini, mbele ya mtaa wote. Dereva wa lori alikuwa amekwenda kutoa habari kwa tajiri wake. Haukupita muda, Bwana Kilongola akafika, na pamoja naye Bwana Kirumbuyo na vibarua wenye sururu.

Bwana Kirumbuyo akaweka mkono kifuani. "Poleni na msiba." Safari hii alikuwa amepatia.

Kisha akasimama katikati ya mikeka, akageuka taratibu mpaka mgongo wake ukamwelekea Mzee Zahoro, hatua chache tu kutoka kwake. Kondo aliona jinsi alivyokuwa mwangalifu kugeuka, kama mtu anayepita na chombo cha udongo.

"Kuna madai," akasema. "Mgeni wa mtaa ni nani?"

"Mimi," akasema Kondo.

"Umemwona marehemu Zahoro akivuka barabara?"

Kondo alimtazama Sikudhani. Alikuwa mlangoni, amefumba macho, kama alivyokuwa akifanya kibarazani zamani kila honi ilipolia. Nje, watoto wa shule walikuwa wamekaa juu ya tuta wakingoja kujua kama litakuwapo watakaporudi. Kondo alikuwa amefukuzwa katika nchi nyingi kwa kusema alichokiona, na katika zote hizo hakuwahi kujuta. Mdomo ukawa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Sijamwona," akasema.

"Muongo!" Bwana Kilongola akaruka. "Si yule pale amekaa! Yule pale mwenye fimbo!" Akanyoosha kidole.

Watu wote wakageuka wakatazama pale alipoonyesha. Walitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama kiti kitupu alichoonyeshwa na mgonjwa wa homa, kisha wakarudisha macho kwa Bwana Kilongola kwa huruma. Hata dereva wake alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Bwana Kilongola," akasema Bwana Kirumbuyo, "wewe una malori. Wewe una upande."

Vibarua waliweka sururu chini, wakaombwa wasaidie kuchimba kaburi, kwa kuwa walikuwa na vifaa. Bwana Kilongola alisimama kidogo akifuta jasho, kisha akamtuma dereva akalete mchanga.

Kondo aliondoka Barawe baada ya matanga. Visu vya Ng'ambo Mbili vilikuwa vyote vikali, na hakupenda tena kuulizwa maswali. Alipanda nyuma ya lori la mchanga, pamoja na watu wengine na mashine yake. Lilipofika kwenye tuta likapunguza mwendo, likapanda. Kofia zikavuliwa.

"Pole, Mzee Zahoro."

"Nimeshapoa," ikajibu sauti nyuma ya pazia. "Piteni taratibu."

Lori likashuka. Hakuna aliyegeuka, na Kondo naye akavaa kofia yake, macho mbele.